Mita Arobaini za Fundi Eusebi

Hapa Mshangano ukiuliza nani anajua kunyoosha mstari, watu wenye haki watakuambia ni shemeji yangu Eusebi, mdogo wake mke wangu Kunegunda. Wasio na haki watacheka kwanza. Nitawaeleza sababu ya kicheko hicho, wapwa zangu, maana mambo yalipoharibika nilikuwepo, tena nilikuwepo kuliko wote.

Eusebi ana miaka hamsini na miwili, miguu mirefu kama ya korongo, na maneno machache. Maneno ya ukoo mzima aliniachia mimi. Kazi yake ni kupima na kupaka viwanja: vya mpira, vya netiboli, vya mbio za watoto wa shule. Mwashi mmoja wa Ruhuwiko ndiye aliyemfundisha hesabu ya tatu, nne, tano. Unavuta kamba mita tatu upande huu, nne upande ule, na ncha zikiachana mita tano, basi kona yako imesimama sawasawa. Mimi niliishia darasa la tano, lakini hesabu hiyo naielewa kuliko wengi waliotoka chuo kikuu. Eusebi ananizidi kidogo tu.

Umbali mrefu alikuwa akiupima kwa hatua. Hatua yake ilikuwa mita moja kamili, miaka ishirini haijaongezeka wala kupungua. Sasa Pasaka iliyopita, wiki ya fainali ya kata, akajikata kidole cha mguu kwa jembe. Akapima kiwanja huku anachechemea. Nukta ya penati ikatua mita tisa kutoka golini badala ya kumi na moja. Penati zikapigwa kumi, zikaingia kumi. Kipa wa Ruhuwiko alidaka moja kwa tumbo, akaingia nayo golini.

Kuanzia siku hiyo Eusebi akaitwa Nusu Penati. Iddi, katibu wa ligi ya kata, akaacha kumwita kazini. Ndoo zake za rangi zikawa za kunyweshea bata. Mwenyewe hakulalamika, ila alianza kupita njia ya nyuma akienda kanisani, na mtu akifika hapo ujue jina limemuuma.

Mwezi wa tano akaja kwangu daktari wa mifugo, Leticia, binti mfupi mwenye sauti ya mkuu wa shule. Alikuwa na chanjo za kichaa cha mbwa, watu hawaleti mbwa. Akaamua kuandaa mashindano, na sharti la kushiriki ni cheti cha chanjo.

"Mwenye mbwa anarusha kisahani cha plastiki," akanieleza, "mbwa anakimbia kukidaka kabla hakijaanguka. Akidakia mbali, pointi nyingi."

"Daktari, mbwa wa hapa sahani anaijua," nikamwambia, "ila ile yenye ugali."

"Mzee, natafuta mtu wa kupima uwanja. Mstari wa kurushia, halafu mistari ya mita kumi, ishirini, thelathini na arobaini. Na chokaa sitaki, itawaunguza mbwa miguu."

Nikamwita Eusebi pale pale. Akasikiliza, akaukuna ule mguu.

"Shemeji, hii wakinicheka tena sipaki tena uwanja wowote," akasema. "Nitauza hata ndoo."

"Atakucheka nani, na mimi nipo?"

"Ulikuwepo na Pasaka."

Nikampa shauri: aachane na hatua, atumie kamba yangu ya kupandia. Matuta yangu ya mahindi yanaachana mita moja kamili, kwa hiyo kamba ina fundo kila mita. Mafundo arobaini, mita arobaini, mtoto wa chekechea anaweza. Nikaingia stoo mwenyewe nikaitoa, ya bluu, imeviringwa vizuri kwenye kijiti.

Ijumaa tukaenda uwanjani. Bwana, Eusebi akishika kamba utafikiri padre ameshika kikombe cha misa. Alipigilia vigingi, akasimamisha kona kwa tatu, nne, tano, akalala kifudifudi jicho moja limefumba, akaangalia mstari mpaka mende wa nyasi wakamzoea. Rangi aliichanganya kwa udongo mweupe, ule ambao wanawake hupaka kuta za nyumba, na uji kidogo ili ushike. Akaumwaga kwenye nyasi kwa kidumu kilichotobolewa. Mimi nilikuwa nahesabu mafundo kwa sauti, kazi ngumu kuliko zote. Jioni uwanja ulikuwa umenyooka hadi ukatamani kuukunja uweke kabatini.

Jumamosi asubuhi watu walifurika na mbwa wao. Mnajua watu wetu, mbwa hapewi jina, anapewa ujumbe wa kumfikishia jirani. Kulikuwa na Watachoka, Tutaonana, Haikuhusu, na mbwa mmoja mnyonge wa mama mjane aitwaye Semeni Tu.

Kabla ya kuanza, Remmy wa bodaboda akamjaribisha Watachoka. Jamaa ana mkono. Kisahani kikapaa, Watachoka akakimbia, akaruka, akakidaka mbali kabisa. Tukatazama chini: hata mstari wa thelathini hajaufikia.

"Haiwezekani," Remmy akasema. "Nyumbani natupa thelathini na tano nikiwa nimekaa."

Leticia akatoa futi kamba ndefu kwenye mkoba. Akapima mstari wa kwanza: mita kumi na mbili. Wa pili: ishirini na nne. Alipofika wa mwisho, arobaini na nane, uwanja mzima ulikuwa umeshaanza kumcheka.

"Nusu Penati sasa kawa Penati na Nusu!"

"Pasaka alipunguza, leo anarudisha!"

Na Iddi yule katibu, akiwa na mbwa wake Haikuhusu, alicheka mpaka akamwachia kamba.

Eusebi alisimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia, anaangalia mistari yake. Ndipo Kunegunda, aliyekuja na chupa ya chai, akaokota ile kamba ya bluu. Akaipeleka puani.

"Baba Hilda," akaninong'oneza, "hii si kamba ya mahindi. Hii ni ya tumbaku, ya shamba la Namtumbo."

Matuta ya tumbaku nayaachanisha mita moja na sentimita ishirini, na mafundo vivyo hivyo.

"Nyamaza kwanza, mama," nikasema.

"Ninyamaze? Mdogo wangu anachekwa!"

Nikamtazama Eusebi. Na yeye alikuwa ananitazama. Alishaijua, jamani. Alimwona Kunegunda akiinusa, na mtu wa Songea hahitaji kuelezwa kwa nini kamba inanuswa. Angeweza kunyoosha kidole tu: kamba ni ya huyu. Hakunyoosha. Aliinama akaanza kung'oa vigingi, kimoja kimoja, kama mtu anayefunga duka.

Basi nikapanda juu ya ndoo.

"Sikilizeni!" nikapaza sauti. "Kamba ni yangu! Nimempa ya tumbaku badala ya ya mahindi, na mafundo nilihesabu mimi. Na mjue ni kamba bora, imepima ekari tatu Namtumbo, hakuna tuta lililolalamika!"

Kicheko kikahama. Kilinijia chote, na kingine kilitoka barabarani kwa watu wasiojua kinachochekwa. Leticia hakucheka. Alichukua futi kamba akapima uwanja kwa mshazari kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine mbili.

"Sawa kwa sawa," akasema. "Haikupishana hata kidole. Huyu ni fundi. Upana umezidi lakini upana hauna pointi. Fundi Eusebi, mistari hii minne tunaifutaje? Tuna saa moja."

"Rangi imeshika ncha za majani tu, daktari," Eusebi akajibu. "Ifyekwe."

"Na nani?"

Hapakuwa na haja ya kuuliza. Nilipewa fyekeo nikafyeka mistari minne huku watu wakinihesabia mafundo, na mbwa Semeni Tu akinifuata nyuma analamba uji kwenye majani. Eusebi akaja na futi kamba ya daktari na kidumu chake. Mita kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Watachoka alidakia thelathini na nne, akiwa hewani, na uwanja ukalia "Fundi! Fundi!" kana kwamba Eusebi ndiye aliyeruka.

Jioni Iddi akamfuata, kofia mkononi.

"Shikamoo, fundi. Jumamosi ijayo tuna nusu fainali."

"Marahaba. Nitakuja saa kumi na mbili asubuhi," Eusebi akasema. Akafunga kidumu chake taratibu. "Ila shemeji abaki nyumbani."

Sikwenda. Na mimi siku hiyo nilikuwa na shughuli zangu, msije mkafikiri vingine.