Tapeti Kumi na Mbili Uani kwa Bibi

Likizo iliyopita nilipanda tena milimani, kijijini Matombo. Pale barabara inapokata kona chini ya migomba, harufu ya mafuta ya taa kutoka dukani ilinisimamisha. Ndugu msomaji, ilinirudisha utotoni, mwishoni mwa miaka ya arobaini, siku lori lilipogoma mbele ya ua wa bibi yangu.

Lilikuwa limebeba ndizi za akina mama wa kijiji kizima, nazo zilikwishaanza kugeuka rangi. Soko la Morogoro lilikuwa kesho yake alfajiri, na lori jingine halikuwapo. Zisipofika, jasho la msimu mzima lingeliwa na nguruwe.

Fundi wa misheni alikuja kwa baiskeli. Gia ya kamshafti ilikuwa imekatika meno, naye alileta nyingine kuukuu. Alichomoa kamshafti, fimbo ile ya chuma yenye nundu, kisha akatoa tapeti kumi na mbili, vile vipande vya chuma vinavyosukumwa na nundu hizo. Alizipanga juu ya gunia kwa mfuatano, maana tapeti iliyozoeana na nundu yake haipatani na nundu nyingine. Halafu akaenda nyuma ya nyumba kula ugali na kisamvu.

Kwa bibi, chombo cha mgeni hakikuachwa kichafu. Fundi aliporudi, gunia lilikuwa tupu. Tapeti zilimetameta ndani ya ungo, zimesuguliwa kwa gunzi na majivu.

“Bibi, umetumaliza!” dereva alipiga kelele. “Hizi ni sufuria?”

“Na wewe ni mume wangu hata unifokee?”

Fundi alichuchumaa kando ya ungo, akauliza kwa upole, “Bibi, ulizitoaje kwenye gunia?”

“Kama mabakuli ya wajukuu wangu. Wako saba, kila mmoja na lake, na sijampa mtu la mwenziwe. Anzia hapo penye mshono mpya wa ungo, zunguka kuelekea jikoni.”

Fundi aliipapasa ya kwanza kwa kidole gumba, akatafuta mkwaruzo wake kwenye nundu ya kwanza. Ukalingana. Akajaribu ya mwisho, nayo ikalingana. Basi akazipaka oili, akazirudisha zote kwa mzunguko wa bibi, akaipitisha kamshafti yenye gia aliyoileta, taratibu kama mtu anayepitisha mlangoni mtungi uliojaa, na kuzikutanisha alama za gia.

Dereva alizungusha hendeli mara tatu. Injini ikashika, ikanguruma bila kusita. Vigelegele vikapanda mlimani.

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapiga goti mbele ya bibi. “Shikamoo, fundi.”

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. “Marahaba, baba. Siku nyingine uniambie kabla sijaosha.”

Leo ua ule ni shamba la mihogo, na bibi na fundi wamelala makaburini. Chuoni nimefundishwa na mafundi hodari, wenye mbao za kupangia tapeti, za matundu yaliyoandikwa namba. Nawaheshimu. Lakini bado sijamwona mmoja ambaye, ndizi zikiiva na watu wakifoka, angechuchumaa kwanza na kumwuliza mwanamke asiyejua kusoma kile anachokijua.