Mkono wa Mwalimu Taimi

Mwalimu Taimi Karppinen alikuwa na mwandiko wa kumnyamazisha mtu mzima. Akiandika ubaoni, herufi zilishikana kama watoto wanaovushwa barabara, na mkia wa kila neno ulilipokea neno lililofuata. Mimi nilikuwa mpishi wa shule ile ndogo kando ya ziwa, huku kwetu Kainuu, mkoa wa misitu na theluji, na kila nilipopita mlangoni pake nilisimama kidogo nitazame.

Hakuolewa. Aliishi peke yake katika nyumba waliyoiacha wazazi wake, akijipasulia kuni mwenyewe. Dada yake wa pekee, Lempi, alihamia Sweden tangu ujana, kwenye viwanda vya nguo. Hawakuwa watu wa simu. Kila Krismasi kadi ilikwenda na kadi ikarudi, basi.

Ukaja mtaala mpya. Watoto hawatafundishwa tena mwandiko wa kuunga; watajifunza herufi za kuachana, na kibodi. Mkuu wetu wa shule, Ilpo Kemppainen, akaleta utani wake:

"Pole, Taimi. Kibodi haina madaha, lakini haiumi."

"Hata mbwa wako ulisema haumi," Taimi akamjibu, "na mtu wa posta mpaka leo anazungukia nyuma ya ghala."

Tulicheka. Kisha Taimi akapanda kiti, akazibandua zile herufi za mfano zilizokuwa juu ya ubao. Nilidhani atapigana. Hakupigana. Alishuka kitini kama mtu aliyetuliwa mzigo, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angelia.

Sababu alikuwa nayo, ila aliificha. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kumsaliti. Neno la kwanza lilitoka zima, la pili likasinyaa, la tatu likawa kama mayai ya sisimizi, kisha mkono ukagoma kabisa.

Januari hiyo baridi ilikuwa ya kupasua miti. Watoto waliingia kutoka nje nguo zikifuka mvuke, na vioo vya madirisha vikafunikwa na ukungu. Asubuhi moja nilikuwa darasani kwa Taimi nakusanya vikombe. Saimi, binti wa darasa la kwanza, alisimama dirishani anapitisha kidole kwenye kioo. Taimi alimwendea ili amrudishe kitini, akakwama katikati ya chumba.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Hivyo vipi, mwalimu?"

"Kuandika hivyo."

"Sijaandika mie. Nachora njia ya kuteleza na ski thelujini tu."

Nilisogea. Kwenye ukungu kulikuwa na maneno yaliyoungana bila kidole kuinuliwa hata mara moja: *nami si mzima tangu vuli.* Mwandiko ulikuwa wa Taimi, ule wa zamani, wa enzi mkono wake ungali mzima. Aliufuta kwa kiwiko cha sweta, akanivuta hadi jikoni.

"Raili, usinione mwehu."

"Nikuone mwehu kwa lipi? Kioo nimekiona."

Akanieleza kwa kunong'ona. Alfajiri ile alijaribu kumwandikia Lempi kadi ya Krismasi, ambayo tayari ilikuwa imechelewa. Aliandika, *Lempi mpendwa, nisamehe nimechelewa*, mkono ukagoma. Akaitia kadi kwenye jiko la kuni. Maneno yaliyobaki yalikuwa kichwani mwake tu. Ndiyo hayo aliyoyaandika Saimi.

"Na huo mkono unatetemeka tangu lini?" nikamuuliza.

"Wewe umeanza kuuona lini?"

"Tangu ulipoacha kunywa kahawa mbele yetu. Nenda kwa daktari, dada."

"Nitakwenda theluji ikiyeyuka."

Ukimjua huyo, ukaidi wake haukuwa na dawa.

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere. Sufuria ilifuka, na madirisha yote ya ukumbi wa chakula yakawa meupe. Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria nilipogundua kwamba kelele zimekatika. Nikainua kichwa. Watoto walikuwa wamejipanga mbele ya madirisha, kila mmoja na kioo chake, wametupa migongo. Wafupi walikuwa wamepanda mabenchi. Vidole vyote vilikwenda kwa mwendo mmoja, na hata wale wa mkono wa kushoto walitumia wa kulia. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Lakini mstari ulioishia kwenye fremu ya dirisha moja uliendelea kwenye dirisha la pili, kwa kimo kilekile, kana kwamba mbao hazikuwepo.

Ilpo, aliyekuwa mezani na Taimi, alisoma kwa sauti, kijiko mkononi:

"Mkono wangu unakufa na sina wa kumwambia. Njoo nyumbani, Lempi."

Watoto wakashuka, wakarudi mezani. Mmoja akaniuliza, "Mama Raili, mkate umebaki?"

"Lempi ndiye nani?" Ilpo akauliza. Uso ulikuwa umemkauka.

"Dada yangu," Taimi akasema.

"Mpigie."

"Hatujasikiana sauti tangu tumzike mama."

"Taimi, hawa watoto mwandiko huo hata kuusoma hawajui. Unangoja nini, mbwa wangu naye aandike?"

Taimi akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Namba nilibonyeza mimi, maana kidole chake hakikuweza kulenga.

"Ni mimi," akasema.

Nikaisikia sauti ya Lempi, nzito na ya uzee: "Najua. Nilipoona kadi haiji, nilijua."

Lempi alikuja kwa meli, kisha kwa basi, na akamburura dada yake hadi kwa daktari, mjini Kajaani. Ulikuwa ule ugonjwa wa kutetemeka, usiopona. Majira ya kuchipua Taimi aliacha kazi, akahamia kwa Lempi.

Tangu simu ile, kwenye ukungu hapakuwa na lolote ila michoro ya paka na alama za pua za watoto. Siku moja nilimwomba Saimi aandike tena kama siku ile. Aliandika jina lake kwa herufi za kuachana, S ikitazama nyuma. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Palikuwa na mkono juu ya mkono wangu," akasema. "Wa baridi, lakini hauumizi. Kama mtu anayekuonyesha."

Nikarudi kwenye sufuria zangu.

Kiangazi kilichofuata nilikwenda Sweden kumwona Taimi. Lempi alikuwa akimlisha viazi kwa uma. Nikamuuliza Taimi kama ni yeye aliyetuma maneno yale, hata kwa kuomba tu moyoni.

"Mimi? Mimi nilikusudia kunyamaza mpaka kaburini. Kama ni mkono wangu, basi haukuniomba ruhusa."

"Kula, acha maneno," Lempi akamwambia.

"Viazi havina chumvi."

"Chumvi daktari kakukataza!"

Wakabishana hivyo mpaka basi langu likafika.