Maua Mawili kwenye Mlango wa Afande

Mimi kazi isiyo na ua nilikuwa siiti kazi. Nilitoka Kenya na mke wangu na watoto wawili miaka michache baada ya vita vya Uganda, nikafungua karakana ya milango ya chuma karibu na viwanda vya Bugolobi, Kampala. Kila grili niliyochomelea niliipa maua ya petali tano, nimeyakunja mwenyewe kwa koleo. Wateja walitaka nondo zilizonyooka, basi. Kila mtu alikuwa anaogopa wezi. "Wewe Mukenya," mama mmoja aliniuliza, "hii ni ya kuzuia mwizi ama ya kumuposa?" Nilinuna, nikapunguza maua, lakini kuyamaliza yote? Thubutu!

Halafu akaja mwanajeshi mmoja mwenye cheo, akanipeleka kwenye fleti yake nikapime. Mtu mpole kabisa, hata viatu alinikataza kuvua. Alitaka mlango wa grili kwenye chumba cha kulala, na komeo la kufuli liwe upande wa nje.

"Nje, afande?"

"Bibi yangu anatembeaka na usingizi. Ataanguka kwa ngazi."

Mkewe alikuwa pale pale akimenya matoke. Mume alipotoka kumwita dereva, mama yule hakuinua hata kichwa.

"Mimi nalala muzuri," alisema. "Nilitaka kuenda kwa dada yangu Kenya. Ni hiyo tu."

Ningekataa, afande angepata fundi mwingine kabla ya chakula cha mchana, na mimi ni mgeni kwenye nchi ya watu. Niseme ukweli, nilimwogopa yule bwana. Lakini aliporudi, ule ukaidi wangu wa siku zote ulinipa njia.

"Afande, mlango utaupata. Ila bila ua siutengenezi, heri umtafute mwingine."

Alicheka mpaka akakohoa. "Ile kichwa yako! Haya, weka mbili."

Bawaba niliziweka upande wa ndani, mbili, kila moja na ua lake juu. Kwa kawaida pini ya bawaba huchomelewa isitoke. Zile niliziacha huru, nikazishikiza kwenye maua. Ukizungusha ua kushoto mara tatu, linachomoka pamoja na pini, na mlango unaachia upande huo hata kama komeo limefungwa kwa nje.

Siku ya kuufunga, mume alisimama nyuma yangu. Nikamwambia mkewe, "Mama, haya maua yanashika vumbi sana. Uyafute kwa kuzungusha hivi, kushoto."

Alitazama mkono wangu. "Nimesikia, fundi."

"Mukenya na maua yake!" mume akasema, akanipiga bega.

Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba. Miaka yote hiyo watu wananicheka, kumbe maua yangu yana kazi!

Wiki tatu hazikuisha. Asubuhi moja afande aliingia karakana peke yake, akanisalimu vizuri, akayaweka yale maua mawili mezani, pini zikiwa bado chini yake.

"Alifika mpaka Busia, karibu avuke Kenya," alisema. "Tukamurudisha."

Niliweka koleo chini.

"Watoto wako wanasoma ile shule ya hapa juu, siyo?"

"Ndiyo, afande."

"Tengeneza mulango ingine. Saizi ile ile, bila maua."

Natamani niandike kwamba nilikataa. Niliwasha mashine. Aliomba kinga ya macho, akasimama ubavuni mwangu, akanionyesha kwa kidole pini moja baada ya nyingine mpaka zote zikachomelewa. Chuma kilipopoa alipitisha kidole gumba juu yake. "Sasa hii ndiyo kazi," alisema, na wateja wangu wote tangu siku hiyo wamekuwa wakisema hivyo hivyo, kwa sababu ua sijalikunja tena.

Ni mimi niliyekwenda kuufunga mlango ule mpya. Yule mama alikuwa ameketi kitandani, leso imefungwa mpaka chini ya kidevu. Nilisema hodi, nikaingia. Nilifanya kazi yangu haraka, jasho likinitoka kama mgonjwa, na nilipomaliza nikafanya kosa la kugeuka. Alikuwa anaziangalia bawaba. Kisha akaiangalia mikono yangu.