Waliojiandikisha kwa Shujaa wa Unga

Mtu akiniuliza namna ya kumjua shujaa mkuu katika vitabu vya katuni, huwa naanza kwa kumwomba asitazame misuli. Wenye misuli ni wengi. Shujaa mkuu ni yule ambaye ukimtoa, hadithi za wenzake zinapwaya. Ni yule anayekaa kwenye jalada, anayejulikana hata na mtu ambaye hajawahi kukifungua kitabu. Wengine wote, hata wakiruka juu ya milima, ni wasindikizaji.

Nilimweleza hayo mchoraji wetu mara nyingi, tukiwa tumekaa nje ya nyumba yake kijijini Kashojwa, yeye akichora na mimi nikiandika maneno ya kuweka midomoni mwa watu wake. Sote wawili tulikuja kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kongo, mimi nikiwa mwalimu, yeye akiwa mshonaji aliyezoea kuwachorea wateja mitindo ya nguo. Kwa pamoja tuliwatengeneza mashujaa saba, na mchapishaji mmoja mdogo wa Mbarara akakubali kuwatoa katika vitabu vyembamba vya Kiswahili.

Alikuwapo bibi ambaye akikanyaga udongo mkavu unachipua, mwanamume anayebeba nyumba nzima mgongoni, shujaa mwenye gunia la unga lisiloisha, na wengine. Na alikuwapo msichana anayesikia mbali. Hakuwa na nguvu nyingine. Mtu akiita popote, hata kwa kunong'ona, yeye humsikia na kuanza kutembea kumfuata.

Msichana huyo alikuwa na sura ya kifungua mimba wa mchoraji. Walipotezana njiani siku ya kukimbia, mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja, na hadi leo hakuna aliyeleta habari zake. Mama yake, yaani mchoraji wetu, hakubaki na picha yake hata moja. Alibaki na mkono wake tu, na mkono ule ulikumbuka unyusi wa kushoto uliokatwa na kovu, na pengo katikati ya meno ya juu.

"Kitabu inafika fasi miguu yangu haifike," aliniambia siku moja. "Kama eko ku jalada, mutu atamuona tu, hata kama hajue kusoma."

Basi mchapishaji akanipigia simu. Ni mwanamke aliyekulia kambi ya jeshi ya Makenke, mtoto wa askari, na Kiswahili chake ni kile cha kambini.

"Mwalimu, hii jeshi yako iko kubwa mno. Majenerali saba! Sasa nani atapika posho?"

"Madamu, kila mmoja ana kazi yake."

"Najua. Lakini jalada iko moja. Nipe watatu. Uliza watoto, wao ndio wanasoma."

Kuwauliza watoto ni jambo jema, nami nililifurahia. Jumamosi asubuhi niliweka meza mbele ya duka la vitenge katika kijiji cha Misiera. Nilibandika picha za mashujaa wote juu ya karatasi kubwa, nikapiga mistari chini ya kila picha, nikaifunga kalamu kwa uzi. Mtoto aje, aandike jina lake chini ya shujaa anayemwona ndiye mkuu.

Napenda kueleza mambo, kwa hiyo nieleze na kosa langu. Nakivale, karatasi yenye mistari na kalamu iliyofungwa kwa uzi haiulizi maoni ya mtu. Inaandikisha. Jina lako likiwemo, siku fulani utaitwa upewe sabuni, au unga, au turubai. Likikosekana, utasimama pembeni ukiwatazama wenzako. Hilo nalijua miaka mingi, maana nimesimama pembeni mimi mwenyewe. Siku ile nililisahau kwa sababu kalamu ilikuwa yangu.

Watoto wa kwanza waliandika kitoto, wakibishana. "Weye unapenda mwenye nyumba, juu unapenda kulala!" mmoja alimwambia mwenzake. Kisha akapita mama mmoja na ndoo kichwani. Akaitazama karatasi, akaitua ndoo.

"Mwalimu, banaandikisha nini hapa?"

"Hatuandikishi, mama. Tunauliza watoto wanampenda shujaa gani."

"Eeh, sawa." Kidole chake kilikuwa tayari kinatafuta. "Huyu wa unga. Niandike na batoto yangu sita."

"Mama, hakuna unga. Ni picha tu."

"Hata mwaka ilipita balisema ni majina tu." Akacheka, akamgeukia jirani yake. "Dada, kuya! Usiandike ku masikio, weye. Nani ataandikisha batoto ku masikio na unga iko hapa?"

Nilisimama nikaeleza kwa sauti ya darasani. Kadiri nilivyoeleza ndivyo foleni ilivyorefuka, maana mtu anayekataa sana huonekana anaficha kitu. Kufikia saa sita safu ya unga ilikuwa imejaa na kuhamia nyuma ya karatasi. Safu ya msichana anayesikia ilikuwa na majina matatu.

Nilimtumia mchapishaji picha ya karatasi kwa simu, kama nilivyoahidi, pamoja na maelezo marefu. Alijibu kwa maneno mawili: "Watu wamesema."

Jumatatu tulikwenda Mbarara, mimi na mchoraji. Kabla hatujaingia ofisini nilimwomba ruhusa ya kusema msichana yule ni nani. Alikataa.

"Usimuambie. Akimuweka juu ya huruma, siku huruma inaisha atamutoa. Eleza kazi yake tu."

Nikaieleza kazi yake. Nilisema kwamba bila masikio ya msichana, hakuna shujaa hata mmoja anayejua nani yuko taabuni. Wangebaki wamekaa na nguvu zao. Nikaieleza na ile karatasi. Nilimwonyesha mchapishaji jina la mtoto mchanga wa wiki mbili, na jina la babu yake, wote chini ya unga. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu, nimekuelewa kabisa. Hata sisi kule kambini, ukiona wanaandika majina unakimbilia foleni kwanza, unauliza baadaye. Lakini jalada imeenda kwa mashine tangu asubuhi. Na huyu wa unga, kweli watu wanamtaka. Hiyo si uongo."

Si uongo, walimtaka. Maisha yangu yote nimefundisha nikiamini kwamba mtu akishaelewa, jambo litabadilika. Mwanamke yule alielewa kila nilichosema, na mashine ilisikika ikiendelea kunguruma chumba cha pili.

Ni mtu mwema. Alitafuta kitu cha kutupatia, akakipata. Ukurasa wa mwisho ulikuwa bado haujachapwa, nao ulitakiwa kuonyesha umati ukiwashangilia mashujaa watatu. "Yule msichana muweke hapo kwa watu," alimwambia mchoraji. "Asipotee kabisa."

Mchoraji hakumwangalia. Alivuta kiti hadi pembeni ya meza, akachonga penseli. Vichwa vya umati vilitakiwa visizidi ukubwa wa punje ya hindi. Akachora, akafuta. Akachora tena akiwa amekaribia karatasi kiasi kwamba pumzi yake ilipuliza vumbi la kifutio. Kovu la unyusi likawa doa. Alipojaribu kuweka pengo la meno, mdomo wote ukawa nukta.

Mwishowe akaigeuza karatasi kunielekea.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

Nilitazama kwa muda mrefu. Nilitamani sana kuona kitu, na ningeweza kusema nimekiona. Lakini alikuwa akiniangalia mimi, si karatasi.

"Ni msichana," nikasema.

"Eeh. Ni musichana tu."

Akairudisha karatasi mbele yake, akaanza kumchora mtu wa pembeni, kwa sababu umati ulikuwa bado na nafasi nyingi, na fundi wa mashine alishasimama mlangoni akiusubiri ukurasa.