Omena, Fulu, Ngege: Tulivyopanga Watoto wa Mpira Kisumu

Siku ya kwanza kazini nilipewa sindano. Bwana Ogweno, mwalimu wa mpira wa klabu yetu, alinikuta nimesimama mlangoni mwa stoo na shati la kuazima. Akaniangalia miguu kwanza, ndipo akaniangalia uso.

"Wewe ni wa kucheza au wa kazi?"

"Wa kazi, Mzee."

"Vizuri. Wa kucheza ni wengi. Kaa chini ushone."

Hiyo ilikuwa miaka ile ya mara tu baada ya uhuru. Mpira wa siku hizo ulikuwa wa ngozi, vipande vimeshonwa kwa uzi uliopakwa nta. Ndani kulikuwa na kibofu tulichokijaza upepo kwa pampu ya baiskeli, na mdomo wake ulifungwa kwa kamba kama kiatu. Mvua ya Kisumu ikiulowesha unakuwa mzito, na mtoto akiupiga kichwa upande wa kamba anarudi kwao na alama kwenye paji la uso. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushona, kupaka mafuta ya ng'ombe, na kuficha kamba ndani. Mimi nilifika darasa la nne tu, lakini niliweza kuandika majina, na hayo ndiyo yaliyonitoa stoo. Bwana Ogweno alipogundua kwamba mwandiko wangu unasomeka, alinipa daftari la watoto. Toka hapo nikaitwa Karani.

Ninaandika haya kwa sababu wazazi wa leo wanaleta watoto Kisumu wakitafuta klabu, na wanadanganywa vilevile kama zamani. Pia ninaandika kwa sababu ya mguu wa mtoto mmoja, na waliouvunja wana majina.

Klabu yetu ilivaa bluu, na watu waliiita hivyo hivyo, Bluu. Watoto tuliwagawa makundi matatu, na majina yake yalitoka ziwani. Wadogo kabisa waliitwa Omena. Wa katikati waliitwa Fulu. Wale wakubwa, wanaokaribia kuingia timu ya watu wazima, waliitwa Ngege. Kila mtoto alielewa bila kuelezwa, maana kila siku aliona samaki hao kwenye sahani: omena ni dagaa, fulu wa kadiri, ngege mnene. Majina niliandika kwa penseli, kwa sababu mtoto hupanda, leo Omena, mwakani Fulu.

Shida ilikuwa kujua nani ni nani. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Ukimuuliza mama anakujibu kwa njaa fulani au kwa kifo cha chifu fulani. Basi tulikuwa na vipimo vyetu. Kwanza mkono: mtoto anaupitisha juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili, lakini hicho kinakuambia tu kwamba ameshafika umri wa shule. Pili mlingoti wa goli, ambao ulikatwa alama tatu kwa panga, na mtoto anasimama hapo bila viatu. Tatu mdomo. Kwetu Waluo, wazee humtoa kijana meno sita ya mbele ya chini anapofika umri wa kuhesabiwa kuwa mtu. Watoto wa mjini na wa watu wa kanisa walikuwa wameanza kuacha, lakini wa mashambani bado. Kwa hiyo aliyekuja na pengo tulimhesabu ni mkubwa, akaenda Ngege moja kwa moja.

Bwana Ogweno hakupenda kipimo hicho. Aliniambia, "Mlingoti unadanganya, Karani, na mdomo unadanganya. Mwache siku tatu acheze, usimwambie kitu. Mpira ukipotea, angalia anakimbilia wapi. Mtoto hukimbilia mpira. Kijana hukimbilia mahali mpira utakapofika."

Nimefanya kazi chini ya watu watatu na sijasikia maneno ya maana kuliko hayo.

Bwana Ogweno alizeeka akarudi kwao Uyoma. Baada yake alikuja Sajini Mbaka, aliyekuwa jeshini. Huyo mpira hakuujua sana ila kukimbia alikujua. Kila asubuhi Ngege walikimbia mpaka ufuko wa Dunga na kurudi, na anayetapika anaambiwa, "Hiyo ni njia ya ujinga kutoka!" Lakini hakugusa daftari langu. Alisema karani ni kama mpishi wa jeshi, ukimwingilia utakula mchanga.

Wa tatu hakuwa hata mwalimu. Alikuwa Katibu wa klabu, Zablon Owiti. Sajini alipokwenda, Mwenyekiti, Fanuel Ondiek, hakutafuta mwalimu mwingine. Alimwachia Zablon kila kitu, kwa sababu Zablon alijua kuzungumza. Yeye alivaa tai hata kwenye mazoezi, na alitaka kushinda kila Jumamosi, hata mechi ya Omena ambao wengine bado wanalilia mama zao.

Ndipo akaja Mama Perez kutoka Katito. Alishuka basi la asubuhi akiwa na mwanawe Ochieng, na kwanza alikuwa amepita mtaa wa Nyalenda, kwa timu ya Mwalimu Elly. Mwalimu Elly alikuwa na watoto ishirini na mpira mmoja, na jezi zao zilishonwa na mke wake kwa vitambaa vya kila rangi. Mama Perez aliangalia jezi zetu za bluu zilizoanikwa kwenye waya, kisha akaniuliza:

"Baba, wewe uko na watoto?"

"Niko na wawili."

"Wangejua mpira kama huyu, ungewapeleka wapi?"

"Hapa," nikasema. "Hapa watasafiri. Hapa wataonekana."

Sikumdanganya. Hivyo ndivyo nilivyoamini siku hiyo.

Nikampima Ochieng kwenye mlingoti. Alifika alama ya chini, na hapo alikuwa ameinua visigino. Nikamwambia ashushe, akacheka, nikaona pengo. Meno sita hayapo.

"Mama, huyu ametolewa meno?"

"Hiyo ni mambo ya babu yake." Mama Perez alikaza leso kiunoni. "Alikuwa mgonjwa, akasema hataki kufa kabla hajaona wajukuu wametolewa. Wakawapanga wote mstari mmoja, wakubwa na huyu. Mimi nilikuwa sokoni. Nilirudi nikamkuta anatema damu, na watu wanampongeza."

"Ulimzaa lini?"

"Mwaka ziwa lilipanda. Tulikuwa bado tunakaa kule chini ufukoni. Maji iliingia mpaka jikoni, nikamzalia kwa shemeji. Usisahau hiyo."

Nilihesabu kwa vidole. Miaka kumi na moja. Nikaandika: Ochieng, Omena. Ochieng alikuwa ameinama begani kwangu anasoma. Akanuna.

"Na mimi nimetolewa meno," akasema.

"Hata mbuzi hana meno ya juu, na bado anafungwa kamba," mama yake akamjibu. "Kaa na wenzako."

Alikaa na wenzake, na alikuwa mzuri. Mguu wa kushoto, mwepesi, anakaa pembeni mwa uwanja kwenye chaki, anamwita beki kwa tabasamu lile lisilo na meno halafu anampita. Lakini nilimwangalia siku tatu, tena tatu nyingine, kama nilivyofundishwa. Mpira ukipotea, Ochieng aliukimbilia mwenyewe kama kuku anayekimbilia punje. Alikuwa mtoto.

Kisha winga wa kushoto wa Ngege akashikwa na malaria, wiki ambayo tulikuwa na wageni kutoka Kakamega. Ilikuwa mechi ambayo Mwenyekiti alikuwa amealika wakubwa wa mjini. Zablon alikuja kwenye mazoezi na tai yake, akasimama karibu na mimi.

"Karani, yule anafanya nini na Omena?"

"Ni mtoto, Bwana Katibu."

"Ochieng! Kuja hapa. Cheka."

Ochieng akacheka, na safari hii alikuwa anajua kwa nini anaambiwa acheke.

"Mtu ameshatolewa meno, wewe unamwita mtoto? Unataka kuwatukana wazee wake?"

"Kwenye mlingoti amefika alama ya chini. Na mama yake alisema amezaliwa mwaka wa—"

"Mama yake alisema!" Zablon akageukia vijana wa Ngege. "Omera, ndugu zangu, hapa tunapanga timu au tunapanga harusi?"

Wakacheka wote. Ochieng naye akacheka.

"Wewe mwenyewe unasema nini, Ochieng?"

"Mimi ni mtu mzima."

"Umesikia. Futa."

Nilitoa kifutio mfukoni. Nilifuta Omena, nikaandika Ngege. Zablon alitoa amri, lakini penseli ilikuwa mkononi mwangu, na sikuambiwa mara ya pili.

Jumamosi ilifika. Wale vijana wa Kakamega walikuwa na ndevu, na sisemi vibaya, walikuwa kwenye kundi lao halali. Ochieng alimpita beki wao mara mbili, na watu wakasimama. Mara ya tatu mpira ulimponyoka, ukaenda katikati ya wawili wao waliokuwa wanakuja kwa kasi. Kijana mwenye akili ya Ngege angeuacha. Ochieng aliukimbilia. Nikiwa benchi niliusikia mfupa ukivunjika, na mpaka leo nikivunja kuni kavu huwa nasimama kidogo.

Hospitali walifanya kazi yao, wakamfunga plasta. Lakini mfupa ulikuwa bado unakua, na mguu ule ukabaki mfupi kuliko mwenzake.

Zablon hakwenda Katito. Ondiek hakwenda. Nilikwenda mimi, Ochieng akiwa bado amelazwa. Mama Perez alikuwa anapukuchua mahindi, hakusimama.

"Uliandika nini kwa kitabu?"

"Ngege."

"Nilikuambia juu ya maji."

"Uliniambia, Mama."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki jeupe. Kisha akaingia ndani kuchukua nguo za mtoto za kupeleka hospitali, nami nikambebea kikapu mpaka kituo cha basi.

Kamati ilikaa. Zablon alikuja na daftari langu chini ya kwapa, akalifungua mbele ya Mwenyekiti.

"Bwana Mwenyekiti, mwandiko huu ni wa nani?"

"Wa Karani," akasema Ondiek.

"Basi."

"Tazameni chini yake," nikasema. "Chini ya Ngege, Omena bado inaonekana. Inueni karatasi kwenye mwanga."

Hakuna aliyeinua. Ondiek aliangalia saa yake, akasema jambo limekwisha. Nilirudishwa stoo na sindano. Zablon Owiti aliendelea kuwa Katibu, na leo ni mtu wa kualikwa kwenye harambee akae viti vya mbele. Fanuel Ondiek alikufa na kusifiwa kwamba alipenda vijana. Nilisimama nyuma kwenye mazishi, nikasikia yote. Mimi nilishona mipira mpaka miaka ya sabini ilipokaribia mwisho na klabu kufa. Siku ya mwisho nilikabidhi funguo za stoo kwa mtu ambaye hakujua hata zinafungua nini. Sikupewa barua. Sasa ninauza mitumba soko la Kibuye, mashati na viatu vya mpira vilivyochakaa.

Wazazi huja kwenye meza yangu kununua viatu, na wakisikia nilikuwa wapi huniuliza klabu ipi nzuri. Huwaambia hivi. Usiangalie jezi. Nenda siku ya mazoezi, si siku ya mechi. Muulize mwalimu jina la mtoto anayecheza vibaya kuliko wote. Kama halijui, rudi nyumbani na mtoto wako. Angalia wanaokaa benchi: kama ni walewale kila wiki, wako hapo kujaza picha. Na wakikuambia mtoto wako ni hodari sana, acheze na wakubwa, uliza mkubwa gani ameugua.

Hivi karibuni, siku ya soko, mwanamke alisimama mbele ya meza yangu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi, lakini leso ilikuwa imekazwa vilevile. Pembeni yake mtoto wa kiume.

"Karani."

Niliweka chini kiatu nilichokuwa nakifuta.

"Omondi, fungua mdomo," Mama Perez akamwambia mtoto, kitinda mimba wake.

Mtoto akafungua. Meno ya juu yapo. Ya chini yapo, yote, meupe, moja limepinda kidogo.

"Wazee walikuja," akasema. "Safari hii nilikuwa nyumbani. Nilikaa mlangoni na jembe."

"Wakasema nini?"

"Ati atazikwa na meno ya mtoto. Nikasema sawa, azikwe nayo, lakini kwanza acheze."

Nikauliza habari za Ochieng, maana nisingeweza kutouliza.

"Anatengeneza baiskeli Katito. Anachechemea, lakini wateja wanamngoja yeye. Ndiye amenituma kwako."

"Kwangu? Kwa nini kwangu, Mama?"

"Anasema aliona kitabu. Anasema wewe uliandika Omena kwanza." Aliangalia viatu vyangu vya kuuza, akageuza kimoja, akakirudisha. "Mimi sijakusamehe. Nimekuja kwa sababu unajua."

Nilimwomba jirani aniangalizie meza, tukatembea watatu mpaka Nyalenda. Mwalimu Elly bado yuko, sasa ana mipira mitatu. Nilimuuliza jina la mtoto anayecheza vibaya kuliko wote. Akanionyesha kwa kidole, akanitajia jina lake, la mama yake, na mguu anaouogopa kuutumia. Tulikaa kwenye nyasi mpaka mazoezi yakaisha. Mpira ulipopotea, Omondi aliukimbilia mwenyewe.

Mwalimu Elly alileta daftari lake na penseli, akaniambia niandike mimi, kwa heshima ya kazi ya zamani. Nilimrudishia penseli, nikamwomba kalamu ya wino. Mama Perez akasogea karibu, akaangalia mkono wangu mpaka nilipomaliza: Omondi, kundi la watoto wadogo.