Mjukuu Wangu wa Vichane Vitano

Naona aibu kulisimulia hili, lakini kwa kuwa nusu ya Ihanda wanalisimulia vibaya (kuna wanaoapa kwamba nilibeba mbuzi!), bora mlisikie kwangu mwenyewe, mcheke yaliyo ya kweli.

Tabia yangu mnaijua. Kila rasimu ya sheria ndogo ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, mimi nasimama pale na daftari langu nanakili kipengele kwa kipengele, kisha Jumapili baada ya ibada nawasomea kina mama wenzangu wa kwaya, maana ukingoja kuambiwa utaambiwa siku ya kutozwa faini. Safari hii ilikuwa rasimu ya kuzuia mnyauko wa migomba. Vipengele vitano vya kwanza vilikuwa vizuri tu, ugonjwa ule umetumalizia mashamba, siwezi kubisha. Cha sita ndicho kilichonitoa jasho: mkungu wowote wa ndizi usivuke mpaka wa kata bila kibali cha ofisi. Sasa jamani, sisi huku mtu akifiwa unakwendaje mikono mitupu? Unakata mkungu, unakwenda nao. Na ofisi Jumamosi na Jumapili imefungwa, kwa hiyo tufe Jumatatu hadi Ijumaa tu? Tukaandika maoni, kwaya nzima ikatia sahihi, tukapeleka. Kimya.

Siku ya baraza la madiwani ikaangukia siku ile ile ya kuondoa matanga kwa dada yangu kule Bweranyange, kata nyingine, aliyekuwa amefiwa na mumewe. Nikasema nitapitia barazani asubuhi nisikie kipengele cha sita kinavyoamuliwa, kisha niende kwa dada. Nashuka kwenye bodaboda na mkungu wangu mdogo wa vichane vitano, mlinzi ananiambia, "Mama, mizigo hairuhusiwi ukumbini, acha hapo nje." Hapo nje wapi? Hapo nje palikuwa na mbuzi wawili wanautazama mkungu wangu kwa upendo. Nikazunguka nyuma ya jengo, na huko ndiko nilikofanya uamuzi wangu mdogo: nikaupandisha mkungu mgongoni, nikaufunga kwa kitenge kama mtoto, na ncha ya kikonyo iliyochungulia juu nikaivika kofia ya sufu ya mjukuu wangu iliyokuwa kwenye mkoba.

Nikaingia kwa mlango wa pili. Mlinzi wa pale hata akanifungulia.

Nilidhani nitajibanza nyuma kabisa. Wapi! Mtu mmoja mwenye huruma (Mungu amsamehe) akapaza sauti, "Mpisheni bibi mwenye mtoto!" nikapishwa, nikasukumwa mbele, nikajikuta nimekaa nyuma tu ya madiwani, karibu na diwani mmoja mwanamke wa makamo ambaye aligeuka na tabasamu lake lote.

"Shikamoo mama. Huyu mjukuu katulia kweli! Anaitwa nani?"

"Marahaba. Anaitwa..." Akilini mwangu mlikuwa na ndizi tupu. "Anaitwa Nshakala."

"Nshakala? Si zile ndizi za kupika?"

"Baba yake anazipenda sana, waitu mwanangu."

Akanyoosha mkono akakipapasa kichwa. "Mbona kigumu hivi, na chembamba?"

"Kafanana na upande wa baba," nikasema, na jasho lilikuwa limefika kwenye viatu.

Kipengele cha sita kikasomwa. Hakuna aliyepinga. Sisi wasikilizaji haturuhusiwi kufungua mdomo, nami niliumia moyoni kuona karatasi yetu ya maoni haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Mwenyekiti akasema, "Wanaoafiki," mikono ikaanza kupanda, nami nikainama mbele nihesabu ni kina nani hao wanaotuuza, na fundo la kitenge likaachia.

Puu!

"Mawe, mama yangu! Mtoto!" Yule mheshimiwa jirani yangu alipiga yowe, ukumbi mzima ukasimama, diwani mmoja akapiga magoti kumdaka, kofia ikabingirika hadi miguuni pa mwenyekiti, na mbele ya wote pale sakafuni akalala Nshakala, kichane kimoja kimebanduka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mwenyekiti akagonga meza. "Mama, hiki ni nini?"

"Ni mkungu, mheshimiwa."

"Unatoka wapi, unakwenda wapi?"

"Unatoka Ihanda unakwenda Bweranyange, kwenye matanga ya shemeji yangu."

"Na kwa nini umeuficha?"

Hapo nikagundua kwamba nimeulizwa, na aliyeulizwa anaruhusiwa kujibu. Aibu ikanitoka yote kwa mara moja. Nikasimama wima. "Nimeuficha kwa sababu umekatazwa mlangoni, mheshimiwa. Mkipitisha kipengele cha sita, kina mama wa wilaya hii wataingia misibani hivi hivi, kila mmoja amebeba mjukuu."

Kicheko kilichoanguliwa pale! Yule mheshimiwa jirani yangu akainuka anajifuta machozi. "Mwenyekiti, hata kwenye gari langu kuna mkungu wa msibani, na kibali sina." Mwingine akasema, "Na mimi." Ikaombwa karatasi ya maoni yetu, ikatafutwa, ikapatikana chini ya mafaili, ikasomwa hadi jina la mwisho, na kipengele kikarekebishwa pale pale: ndizi za misiba na za harusi zitapita bila kibali, mradi zisitoke kwenye shamba lenye ugonjwa. Mikono yote juu! Nami nilinyoosha wangu, ingawa hauhesabiwi.

Mheshimiwa yule jirani yangu alinipakia kwenye gari lake hadi Bweranyange. Nilipomsimulia dada, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu tuzike, alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akacheka tena, na Nshakala tukampika.

Nimeapa, sibebi tena ndizi mgongoni. Lakini barazani naenda kila kikao, na daftari langu. Juzi nilikwenda na mjukuu wa kweli, na mlinzi alifunua kitenge, akamtekenya mguu, akasubiri acheke ndipo akaturuhusu kuingia.