Saa Moja na Robo hadi Mbeya

"Kutoka hapa mpaka Mbeya, mimi naona saa moja na robo tu," Modesti alitangaza kilabuni Katandala, Sumbawanga, mwaka 1952, pombe ya ulezi mkononi. "Nyie endeleeni kutembea siku tisa."

Modesti hakuwa rubani. Alikuwa mfyeka majani wa kiwanja cha ndege cha Sumbawanga, tena kiwanja chenyewe kilikuwa shamba la baba yake kabla Serikali haijasawazisha matuta. Ila rubani alimwambia kwa kinywa chake: angani ni maili mia na arobaini, saa moja na robo. Modesti akaitembeza hesabu hiyo kama vile ndege ni yake.

Hapo alikosea kosa la Kifipa. Kwetu, ukija kunisaidia kupiga matuta leo, kesho nakuja kwako na jembe langu, huniiti mara mbili. Modesti alifyeka miaka minne, akaamini ndege nayo imefunzwa adabu hiyo.

Masika yaliyofuata, mkewe Bertilla alishikwa na uchungu siku mbili, mtoto hatoki. Bwana dresa, mganga wa zahanati, akasema hana la kufanya, apelekwe Mbeya akapasuliwe. Modesti na shemeji zake wakambeba kwa machela hadi kiwanjani. Ndege ipo, kiti kimoja kitupu.

Adolfu, karani wa kiwanja, hakuinua kichwa.

"Kiti kina mwenyewe. Bruno."

"Bruno yupi? Watu wa hapa nawajua wote."

Adolfu akaelekeza kalamu dirishani. Bruno alikuwa mbwa wa bwana mmoja mkubwa wa Serikali. Anaumwa sikio.

"Kaka Adolfu, huyu ni shemeji yako. Mbwa si asubiri?"

"Asubiri, halafu mimi nile wapi? Ndege nyingine ni Alhamisi. Sogezeni machela, mmeziba njia."

Njia aliyoifyeka Modesti mwenyewe asubuhi ileile. Bruno akaruka na ndege.

Bashiri, mwenye duka mjini, alimpakia Bertilla kwenye lori lake, juu ya magunia ya mahindi, asidai hata senti. Matope yakawakamata karibu na Laela. Siku ya pili mtoto akazaliwa amekufa, na jioni mama yake akamfuata. Muda huo ndege ingekwenda Mbeya na kurudi mara kumi.

Wapo wanaosimulia eti Modesti alimwachia Mungu. Waongo. Baada ya matanga alikwenda kiwanjani na jembe, akapiga matuta kumi na saba katikati ya njia ya ndege, manene, majani yamefukiwa ndani kama inavyotakiwa. Askari wakamkamata akiwa kwenye la kumi na nane.

Barazani, aliposhtakiwa, aliulizwa kama ana swali kwa shahidi, karani Adolfu.

"Ninalo moja. Kwa kiti alichonyimwa mke wangu, mbwa alilipiwa nauli ngapi?"

Adolfu akafungua kitabu.

Shilingi kumi na mbili.